Kuweka sanrufu (dirisha la paani) kwenye gari la zamani bila kukata mbavu zake

Toyota Premio ya mzee mmoja ilifika gereji kwetu Ndeeba, Kampala, mwezi wa nne, mvua zikiwa zimepamba moto, na shida aliyoitaja ilikuwa moja tu: taa ya ndani inatoa maji. Nikaifungua kwa bisibisi. Yakamwagika maji mekundu yapata nusu glasi, yakamlowesha suruali kijana aliyekuwa ananishikia tochi.

"Mzee, hii sanrufu uliwekewa lini?"

"Mwaka wa pili sasa, fundi. Na walinipa garanti."

Tulipoishusha dari ndipo tukaiona kazi yenyewe. Tundu lilikuwa limekatwa kwa grainda, kingo zimeungua rangi, kutu imeota na inabanduka kama maganda ya karanga. Ubavu wa chuma unaovuka paa kutoka mlango hadi mlango ulikuwa umekatwa katikati, kisa ulikuwa njiani. Maji yalizibwa kwa silikoni ya masinki. Na mlango wa nyuma kushoto haukufunga mpaka uubamize mara mbili, jambo ambalo mzee alidhani ni kitasa. Kioo cha sanrufu hakikuwa na kosa lolote. Gari ndilo lililokuwa limeumizwa.

Tundu dogo kwenye bati la paa hupunguza nguvu kidogo. Mbavu iliyokatwa hupunguza nyingi. Kwa hiyo kazi nzima ninayoieleza hapa inazunguka jambo moja: sanrufu ndiyo ifuate mifupa ya gari. Ukianza kuisogeza mifupa ili kioo kikae pale macho yako yanapopenda, umeshapotea.

Nguvu ya paa inakaa wapi

Bati la paa la saluni nyingi za Kijapani tulizonazo Uganda halifiki unene wa milimita moja. Likandamize kwa kiganja, litabonyea. Peke yake halibebi kitu. Kinachobeba ni boriti mbili za pembeni zinazopita juu ya milango, boriti ya mbele juu ya kioo, ya nyuma juu ya kioo cha nyuma, nguzo zinazoshuka kutoka kwenye boriti hizo, na zile mbavu mbili au tatu zinazovuka paa kwa ndani. Bati hufunika tu, na kwa kufunika huzuia boksi lote lisijipinde.

Ukitaka kuliona hilo, chukua boksi tupu la sabuni ambalo kifuniko chake bado kimegundishwa. Lishike pembe mbili zinazokabiliana, ulisokote. Linagoma. Kata dirisha dogo katikati ya kifuniko, uache ukingo mpana pande zote, usokote tena. Bado linagoma. Sasa endeleza mkato mmoja mpaka ukingoni. Boksi litajisokota mikononi mwako kama kitambaa. Tofauti ya dirisha lile na mkato ule wa mwisho ndiyo tofauti ya fundi anayejua na fundi anayekisia.

Saluni na magari mengi madogo hayana chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Land Cruiser, Hilux Surf au Pajero ya zamani hukaa juu ya chesisi ya ngazi, kwa hiyo paa likilegea barabarani hutasikia sana. Hilo lisikudanganye. Gari likibiringika, hakuna chesisi inayokuja juu kukinga kichwa. Marekani ilianza mwaka 1973 kudai kwamba paa la gari dogo livumilie mzigo wa mara 1.5 ya uzito wa gari lenyewe, na mwaka 2009 ikapandisha kipimo hicho hadi mara 3 kwa magari mengi ya kawaida. Kioo cha sanrufu si cha kutegemea kubeba mzigo huo. Wabebaji wakuu ni nguzo, boriti na mbavu.

Kabla hujanunua chochote, lihoji gari

Tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15, wengi tunatunza tuliyo nayo, na kuna magari Kampala yaliyopigwa, yakanyooshwa, yakauzwa, yakapigwa tena. Bodi ya namna hiyo haihitaji tundu la ziada.

Anza na sumaku. Ifunge kitambaa laini usikwaruze rangi, uitembeze juu ya paa lote, boriti za pembeni na nguzo. Ikishika kila mahali kwa nguvu sawa, sawa. Ikilegea mahali, chini ya rangi kuna puti, ile ya kujazia mabonde, na puti maana yake bati lilibonyea au kutu ililila. Kisha fungua milango, uinue raba zake, uangalie kutu kwenye mfereji wa paa, miguu ya nguzo na chini ya milango.

Jaribio la pili ndilo linaloniamulia. Gari likiwa kwenye sakafu ya usawa, bandika tepu ya karatasi kwenye pembe za juu za kila mlango, pima nafasi kati ya mlango na bodi kwa rula, uandike kipimo juu ya tepu ile ile. Weka jeki chini ya kona moja ya nyuma, mahali pake halali pa jeki, inua mpaka gurudumu liachane na ardhi. Fungua na ufunge milango yote. Bodi ikiwa nzima, milango hufunga kwa mlio ule ule. Mlango ukikwama, au nafasi uliyoandika ikabadilika waziwazi, bodi imeshachoka. Mimi huwa namwambia mwenye gari anywe chai, arudi nyumbani na hela yake. Acha vipimo vile kwenye tepu; utavihitaji mwishoni.

Yapo pia magari ninayoyakataa bila jaribio: lililowahi kubiringika, lililounganishwa kutoka magari mawili, na lile lenye eabegi za pazia, mifuko ya hewa ya kukinga kichwa iliyofichwa kwenye boriti za pembeni. Alama ya eabegi hizo huandikwa kwenye plastiki ya nguzo. Zikiwapo, kukata tundu hakukufai. Subiri nitakachosema kuhusu paa la kiwandani.

Sanrufu ipi

Ya turubai inayokunjwa ni nzuri kwa macho lakini inataka tundu kubwa, na jua letu huila turubai. Ya kuteleza ndani ya paa inataka kaseti nene, lile sanduku ambamo kioo huingia, inayoshusha dari. Abiria mrefu atakuchukia, na mara nyingi kaseti haikai bila kugusa ubavu. Ya kuteleza kwa juu iko katikati ya hizo.

Kwa saluni ya zamani mimi huchagua ya kunyanyuka: kioo kimoja chenye bawaba mbele, unakifungua kwa nyuma kwa mkono, na kwenye nyingine unaweza kukitoa kabisa. Kipimo kinachopatikana kwa wingi ni takriban sentimita 38 kwa 76. Ni ndogo, ndiyo. Udogo wake ndio unaoifanya ikae kati ya boriti ya mbele na ubavu wa kwanza bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kioo kiwe na muhuri wa kiwanda uliochorwa pembeni. Hicho ni kioo kilichopashwa moto mkali kisha kikapozwa ghafla ili kikivunjika kiwe punje, na hakikatiki tena: fundi akikuambia atakipunguza kidogo kikae, kitampasukia mezani. Kioo cha dirisha la nyumba au plastiki ya mabango, hapana. Na usisahau tulipo. Kampala iko karibu theluthi ya digrii tu kaskazini ya ikweta. Machi na Septemba jua la saa sita hukaa utosini kabisa, linaingia moja kwa moja kupitia tundu lako. Chukua kioo cheusi, chenye pazia la kuvuta au kifuniko cha ndani. Rafiki yangu aliyedharau hili huendesha Jinja Road mchana akiwa amevaa kofia ndani ya gari.

Kuishusha dari na kuisoma mifupa

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Nimeona mafundi wakigonga paa kwa vidole, wanasikiliza, wanachora, wanakata. Kugonga kunakuonyesha ubavu uliko kwa kukisia. Kushusha dari kunakuonyesha kwa macho, pamoja na nyaya.

Chomoa betri, kuanzia hasi, uache gari dakika kadhaa. Toa taa ya ndani, vikinga jua, vishikio vya mkono, ndoano za nguo, plastiki za nguzo na raba za milango kwa upande wa juu. Laza viti vya mbele. Dari za magari mengi ya miaka ya tisini ni ubao mmoja wa nyuzi uliogundishwa kitambaa. Ukiukunja unabaki na alama ya mkunjo milele. Watu wawili waushike, utoke kwa mlango wa nyuma au kwa buti kama ni wagoni. Kwenye magari ya zamani zaidi dari ni kitambaa kilichotandazwa juu ya vyuma vyembamba. Kila kimoja kina matundu yake, viandike namba kwa kalamu kabla hujavitoa.

Sasa uko chini ya mifupa. Chukua kalamu nene, uchore kwenye bati kwa ndani: ubavu wa kwanza huu, wa pili huu, ukingo wa boriti ya mbele huu, waya wa taa, waya wa antena, mpira wa maji ya waipa ya nyuma. Gusa utomvu mweusi ulio kati ya ubavu na bati. Kiwanda kiliuweka ili bati lisipigepige. Ukikuta umekauka na kuachia, utaurudisha wewe kwa gundi ya poliyurethani kabla ya kufunga dari. Ni kazi ya dakika kumi, na kelele nyingi za paa huisha hapo.

Halafu pima. Kwenye Toyota Corona moja niliyoifanya, kati ya boriti na boriti palikuwa na sentimita 104, na kati ya boriti ya mbele na ubavu wa kwanza sentimita 46. Tundu la sentimita 76 kwa 38 linabakiza sentimita 14 za bati kila upande, na nne mbele, nne nyuma. Linaingia bila kugusa mfupa. Mimi sishuki chini ya sentimita 12 za pembeni, na sikati hata uzi mmoja wa boriti au wa ubavu ulio sambamba na nguzo za katikati. Ubavu huo ndio unaozuia milango ya pande mbili isisukumwe kukaribiana gari likipigwa ubavuni.

Jambo dogo ambalo husahaulika: weka fremu ya sanrufu juu ya paa kabla ya kuchora chochote. Paa lina mviringo wake na fremu ina wake. Ikiyumba kama meza ya mguu mfupi, hakuna skrubu itakayoifunga bila kulibonyeza bati. Tafuta nyingine.

Je, ubavu ukiwa njiani?

Jibu langu la kwanza ni kusogeza sanrufu, la pili ni kuchukua ndogo zaidi. Watu wakishindwa kabisa, na ubavu wenyewe si ule wa nguzo za katikati, ipo njia, lakini ni kazi ya fundi wa bodi anayejua kukunja chuma.

Unatengeneza fremu ya chuma cha milimita 1.2 hadi 1.5, kilichokunjwa kuwa na umbo la kofia, kikazunguka tundu pande nne. Vipande viwili vinavyovuka, mbele na nyuma ya tundu, virefushwe mpaka kwenye boriti za pembeni, vikafungwe pale pale kiwanda kilipofunga ncha za mbavu zake, kwenye mikunjo ile ile. Usitoboe matundu mapya katikati ya boriti. Fremu na bati viungane kwa gundi ya poliyurethani, si kwa moto. Bati jembamba likichomelewa hujikunja mawimbi, na utapaka puti mpaka ulie.

La muhimu kuliko yote: fremu inafungwa kwanza, gundi inakauka siku nzima, ndipo ubavu unakatwa. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne, upepo wa matairi sawa, sakafu sawa, milango imefungwa. Ukilikata likiwa juu ya jeki, utalifungia upinde ule uliotokana na jeki, na mlango hautakaa sawa tena.

Kukata

Grainda iache kabatini. Cheche zake hutoboa rangi na kioo cha mbele, utakiona baadaye kina vidoti ambavyo havifutiki, na joto lake hulegeza bati. Kifaa bora ni mashine ya kung'ata bati, ile inayotafuna vipande vidogo kama nusu mwezi. Mafundi wa Katwe wanaotengeneza makabati ya chuma wanazo, na si vigumu kukodi kwa saa. Ukikosa, jigso yenye msumeno wa meno madogo ya chuma, na kiatu chake ukizungushie tepu kisikwaruze rangi.

Funika viti, dashibodi na kioo cha mbele kwa blanketi zito. Bandika tepu ya karatasi pana juu ya paa lote la kazi. Tafuta mstari wa katikati kwa kupima kutoka kwenye mifereji miwili ya pembeni, siyo kutoka kwenye rangi au mistari ya urembo. Toboa kijitundu kimoja kutoka ndani, mahali ulipochora katikati ya nafasi yako, ili alama ya ndani na ya nje zikutane. Lete karatasi ya kipimo iliyokuja na sanrufu, uilaze, uichore. Shuka, urudi nyuma hatua kumi, uitazame kutoka mbele ya gari na kutoka nyuma. Jicho huona mshazari ambao rula imeukosa.

Pembe zisiwe kali. Pembe ya mraba hukusanya nguvu zote za bati sehemu moja, na baada ya mwaka wa mashimo ya barabara zetu utaona ufa mwembamba kama unywele unaanzia hapo. Toboa pembe kwa msumeno wa duara unaolingana na mviringo wa fremu, halafu unganisha matundu hayo kwa mkato wa moja kwa moja. Kata ndani ya mstari kwa milimita mbili. Zilizobaki utazimaliza kwa tupa. Ukikaribia mwisho, mtu ashike kipande kutoka chini kwa viganja viwili. Kikining'inia kwa uzito wake, sentimita ya mwisho huchanika badala ya kukatika.

Hapo kijana wako atataka kupiga picha na kichwa nje ya tundu. Mwache, lakini kwanza piga tupa kingo zote mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Chenga za chuma na kutu

Vumbi la chuma ulilokata limejaa kila mahali. Ukiliacha juu ya rangi, mvua moja tu inatosha: asubuhi paa lina vidoti vya rangi ya chai. Vuta kwa mashine ya kufyonza, pitisha sumaku iliyovikwa mfuko wa plastiki, futa kwa kitambaa chenye maji, na mwishowe vuta tena ndani ya mifereji na juu ya mbavu.

Kingo zilizo wazi zifutwe kwa tina, zipakwe praima ya zinki au ya epoksi mara mbili, juu na chini ya bati, kisha rangi. Acha ikauke kama kopo linavyosema. Mafundi wengi hufunga sanrufu jioni ile ile kwa sababu mwenye gari amesimama mlangoni. Mwambie arudi kesho. Ile Premio ya mzee haikuwa na tone la praima kwenye kingo. Miaka miwili ilitosha kwa kutu kusafiri sentimita tatu chini ya rangi.

Kufunga

Jaribu kwanza bila gundi. Fremu iingie kwa kusukumwa na vidole, isipigwe nyundo. Ikikaa, itoe, weka utepe wa butili au gundi ya poliyurethani chini ya ukingo wake, mstari usiokatika, ukutane pale ulipoanzia. Silikoni inayonuka siki usiisogeze karibu na bati: ile harufu ni asidi, na asidi hula chuma.

Pete ya ndani huibana fremu kwa skrubu. Kaza kwa mkono, kwa kuruka upande mpaka upande kama nati za gurudumu, kidogo kidogo, mizunguko mitatu au minne. Gundi ikianza kuchungulia sawa pande zote, simama. Anayekaza mpaka mwisho hubonyeza bati, na kibonyeo hicho ndicho kidimbwi cha kwanza.

Kwenye nyingi za aina hii dari hurudishwa kabla ya pete. Kata dari kwa mkato wa msalaba kutoka katikati kuelekea pembe, ukunje, ndipo upunguze. Ukikata tundu kamili mara moja, ukikosea sentimita moja huna dari.

Sanrufu ya kuteleza ndani ya paa kwa kawaida ina mirija minne ya kutoa maji. Ya mbele hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, ya nyuma ndani ya nguzo za nyuma, na yote lazima iishie nje ya gari, siyo ndani ya nguzo. Isipindike kwa kona kali. Mimina kikombe cha maji kwenye kila kona ya kaseti, mtu aangalie chini kama yanatoka yote. Kama ina mota, waya wake upite kwenye fyuzi yake mwenyewe na uwashwe na ufunguo; usiukwanyue kutoka kwenye waya wa taa.

Paa la kiwandani kutoka gari jingine

Kama gari lako ni Forester, Mark II, RAV4 au lolote ambalo kiwanda kiliuza mengine yenye sanrufu, njia iliyo imara kuliko zote ni kupata paa zima la kizazi kile kile. Kisekka, soko la spea la Kampala, huletwa magari yaliyokatwa kwa ajili ya spea, na ukiagiza kwa subira hupatikana. Paa hilo huja na mbavu zake na fremu ya chuma ambayo wahandisi waliipangia tangu mwanzo.

Sharti ni kutokata nguzo. Muuzaji atakuambia akupe paa pamoja na vichwa vya nguzo, uunganishe. Kataa. Bati la paa limeshikwa na vidoti vya kuchomelea ndani ya mfereji wa pembeni na juu ya vioo. Vioo vya mbele na nyuma vinatolewa, vidoti vinatobolewa kimoja kimoja kwa drili ya milimita 8, bati tu likanyanyuka, nguzo na boriti zikibaki nzima. Lile jipya linachomelewa kwenye matundu yale yale, kwa nafasi ile ile, juu ya praima ya zinki, kisha mfereji unazibwa kwa gundi ya maungio. Milango ifungwe muda wote, na kama unaweza, weka vyuma vya kushikilia kati ya nguzo. Ni kazi ya siku nyingi, na si ya mtu anayejifunza kwenye gari lako. Kwa magari yenye eabegi za pazia ndiyo njia pekee ninayokubali, na hata hapo nataka mtu wa eabegi awepo.

Kulijaribu na kulipa

Usilipe mpaka maji yapite. Kubaliana tangu mwanzo kwamba sehemu ya mwisho ya malipo hutoka baada ya jaribio. Fundi mzuri haoni tatizo. Tandaza gazeti kavu juu ya viti na ndani ya nguzo unapoweza kufika. Mwagia paa kwa mpira wa kawaida dakika 20, mbele ya gari likiwa limeinuka kidogo, kisha nyuma likiwa limeinuka. Mashine za presha za kuoshea magari ziache kwa mwezi mmoja baada ya kufunga. Fungua, gusa gazeti. Gazeti halidanganyi.

Rudi kwenye tepu zako za milango, pima tena zile nafasi. Rudia jaribio la jeki kwenye kona ile ile. Vipimo vikilingana, bodi yako haikujua kama kuna kilichotokea. Halafu pita barabara ya udongo yenye matuta kwa mwendo wa kawaida, redio imezimwa. Mlio wa tik-tik kwenye pembe ni fremu isiyokazwa sawa. Mlio wa ngoma ni bati lililoachana na ubavu.

Iambie kampuni ya bima kama una bima kubwa. Ile ya lazima ya mtu wa tatu haijali kioo chako, lakini kampuni inayolipa gari lako itakuuliza kwa nini paa si lile la kwenye makaratasi yao.

Na harusi. Kila Jumamosi ya kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa, utaona msafara, kijana amesimama ndani ya sanrufu anapiga video, viwiko vimelalia ukingo. Fremu ya kunyanyuka imeshikwa na bati lisilofika milimita moja na pete ya skrubu. Haikutengenezwa kubeba mtu anayerushwa na tuta. Watoto ndio kabisa.

Vumbi jekundu la kwetu huziba mirija na kula raba. Kabla ya Machi na kabla ya Septemba, futa raba kwa kitambaa chenye maji, ipake mafuta ya silikoni. Vaseline na grisi huivimbisha. Mirija isafishe kwa waya wa breki ya baiskeli uliovikwa plastiki, taratibu, usiutoboe mrija. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, toa taa ya ndani, uingize kidole juu ya dari mpaka uguse bati. Kikitoka kikavu, irudishe taa mahali pake.